Kwa nini kila dawa ya shamba huanza kama mkombozi ikaishia kupigwa marufuku?

#1 Mbeba Jembe

Wakuu salaam.

Nina wiki mbili nasoma historia ya dawa za mashambani na kuna mchezo naona unajirudia. Dawa inaingia, watu wanashangilia, mtu anavishwa medali. Inapita miaka ishirini au thelathini, dawa ile ile inapigwa marufuku na mahali pake inakuja nyingine ambayo nayo tunaambiwa "hii sasa ni salama".

DDT ndiyo kila mtu anaijua. Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, 1948 akapewa Nobel ya tiba, 1972 Marekani ikaipiga marufuku. Lakini watu wanasahau kilichokuwepo kabla yake: wakulima wa matufaha walikuwa wanapuliza mchanganyiko wa risasi na arseniki. Yaani madini ya risasi, na arseniki, juu ya tunda! Hiyo ndiyo sumu ambayo DDT ilikuja kuiondoa, kwa hiyo ukiwauliza wakulima wa 1946 wangekwambia wameokoka.

Swali langu si "dawa nzuri au mbaya". Nauliza kwa nini mzunguko ni ule ule kila mara. Tunadanganywa? Hatupimi vizuri? Au ndivyo kilimo kilivyo?

#2 Siti ya Mbele

Nimefika mapema. Wajuzi waje.

#3 Mzee wa Maabara

Jibu langu fupi: dawa hazibadiliki, ni macho yetu yanayoongezeka.

Nilipoanza kazi ya maabara, mashine ikikuonyesha sehemu moja katika milioni ulikuwa unajisifu. Leo tunasoma sehemu moja katika bilioni, na kwa baadhi ya vitu tunashuka chini zaidi. Kila kizazi cha mashine kinakuta sumu mahali ambapo kizazi kilichopita kiliandika "hakuna". Haikuwa hakuna. Ilikuwa haionekani.

Halafu madhara mengine hayana haraka. DDT haikumwangusha mtu pale shambani. Ilikaa kwenye mafuta ya mwili, ikapanda kutoka mdudu hadi samaki hadi ndege, na ndege wala nyama wakaanza kutaga mayai yenye ganda jembamba kiasi kwamba mama akilalia yanapasuka. Nani angeliona hilo mwaka 1945? Jaribio la miezi sita haliwezi kukuonyesha kitu kinachochukua miaka kumi na tano.

#4 Bwana Samadi

Maelezo mengi ya nini wakuu. Sumu ni sumu. Samadi, mboji, majivu, basi. Babu zetu walilima bila hizi takataka na hawakufa.

#5 Nzi wa Kijani

@Bwana Samadi babu zetu wote wamekufa mkuu, nimehakikisha.

#6 Kipimo Kimoja

Hahaha #5.

Ila tuongee kweli. Dawa za shaba zinaruhusiwa kwenye kilimo hai Ulaya hadi leo, kwa kikomo: kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka saba. Kwa nini wameweka kikomo? Kwa sababu shaba haiozi. Ukiipuliza leo, mjukuu ataikuta kwenye udongo pamoja na minyoo michache. Rotenoni nayo inatoka kwenye mizizi ya mimea, asili kabisa, na watu wanaitumia kuulia samaki. Na sumukuvu kwenye mahindi na karanga haikutengenezwa na kiwanda chochote, ila inaleta saratani ya ini bila ubishi.

Asili haina urafiki na mtu. Mmea haukimbii, kwa hiyo unajilinda kwa kemikali.

#7 Bwana Samadi

Sijasema kila cha asili kiliwe. Mnapenda kumwekea mtu maneno mdomoni.

#8 Nusu Ekari

Nyie mnaongelea mabaki kwenye tunda. Mimi niongelee mgongo wangu.

Napiga dawa kwa bomba la mgongoni, lita 16. Bomba likiwa jipya halivuji. Likifika msimu wa tatu, mpira wa chini pale mpini unapoingilia unalegea, na kila ukipampu kitone kimoja kinatoka. Kitone tu. Baada ya mistari kumi shati limeganda mgongoni na unahisi baridi fulani tamu, kwa sababu jua ni kali. Siku moja baridi hiyo ilinifuata hadi nyumbani. Mate yakaanza kunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika, jasho, mikono inatetemeka, mke wangu ananiangalia ananiambia "mboni za macho yako zimekuwa kama ncha ya sindano". Zahanati walinidunga sindano wakaniuliza nimekunywa nini. Sijanywa kitu. Nilivaa.

Yule aliyekula nyanya zangu kule mjini hakuhisi chochote. Kwa hiyo mkisema "dawa hii ni salama", muwe mnamalizia: salama kwa nani.

#9 Mbeba Jembe

@Nusu Ekari pole sana. Na umenigusia kitu nilichokuwa nimekiruka. DDT ilipoanza kuondolewa, wengi walihamia jamii ya parathioni. Hizo zinaoza upesi, hazikai kwenye mafuta, ndege wakapumua. Lakini kwa mtu anayepuliza ni hatari mara nyingi zaidi kuliko DDT, na zinapita kwenye ngozi.

Hatukuiondoa hatari, tuliihamisha kutoka kwenye yai la kipanga kwenda kwenye mgongo wa kibarua.

#10 Ngumi ya Hoja

Mnazunguka mbuyu. Ni biashara. Hakimiliki ya dawa ikiisha, kila kiwanda kinaruhusiwa kuitengeneza, bei inashuka, faida inakufa. Hapo hapo ghafla "tafiti mpya" zinaonyesha kwamba ina madhara, na bahati nzuri sana kuna dawa mpya yenye hakimiliki iko tayari. Hesabu miaka mtaona.

#11 Mzee wa Maabara

Nimehesabu. Glifosati iliingia sokoni 1974, hakimiliki yake Marekani iliisha 2000, na leo bado ni miongoni mwa dawa za magugu zinazouzwa zaidi duniani. Kama kuna njama, imechelewa robo karne.

Halafu nimrekebishe kidogo mleta mada. DDT haikupigwa marufuku "yote". Marekani mwaka 1972 walizuia karibu matumizi yote ya mashambani, na Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa wa kuzuia sumu zisizooza upesi, ulioanza kufanya kazi 2004, uliacha mlango wazi kwa ajili ya mbu wa malaria. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitamka tena kwamba inaweza kupulizwa ukutani ndani ya nyumba. Kitu kile kile, shambani hapana, ukutani ndiyo. Anayeelewa kwa nini majibu mawili tofauti ni sahihi kwa wakati mmoja ameelewa nusu ya uzi huu.

#12 Ngumi ya Hoja

Mfano mmoja hauvunji kanuni.

#13 Nzi wa Kijani

Na mfano sifuri haujengi.

#14 Funza wa Kitumba

Naona mmesahau mhusika mkuu: mdudu mwenyewe.

DDT ilikuwa imeanza kushindwa kabla ya wanasiasa kuigusa. Nzi wa nyumbani walionekana wakiizoea ndani ya miaka ya 1940 hiyo hiyo! Ukipuliza, unaua dhaifu, unawaacha wachache wenye bahati, wanazaana wao kwa wao. Unaongeza kipimo. Wanaongeza usugu. Mwisho unapuliza maji ya bei mbaya, na hapo ndipo madhara yanaanza kuonekana makubwa, kwa sababu faida imepungua wewe ukiwa umeongeza dozi. Mizani haikuelemea upande mmoja tu. Sahani zote mbili zimesogea.

Kisa ninachokipenda ni cha funza wa pamba, yule mwenye rangi ya waridi. Pamba ikawekewa kinasaba cha bakteria ili funza akitafuna kitumba, yaani tunda la pamba, afe. India iliiruhusu 2002. Miaka ya mwanzo dawa zilipungua, mavuno yakapanda, watu wakacheka. Kufikia miaka ya 2010 funza yule anakula pamba ile kama kawaida.

Sasa vuka bahari. Marekani walikuwa na funza yule yule na kinasaba cha jamii ile ile. Mwaka 2018 walitangaza kwamba wamemmaliza kabisa kwenye maeneo yao ya pamba.

Tofauti nini? Si mbegu. Marekani kwa muda mrefu walilazimisha ukanda wa pamba ya kawaida pembeni, kimbilio la funza wasio sugu, ili wakioana na wale sugu watoto wawe wa kufa. Halafu wakamwaga nondo waliohasiwa kwa ndege, wakafyeka mabaki shambani kwa ratiba. Kwa mkulima mwenye kishamba kidogo kumwambia "panda ukanda wa kulisha wadudu" ni kumwambia atupe hela.

#15 Nusu Ekari

Mimi ukiniambia nipande ukanda wa kulisha wadudu nitakuitikia "sawa afisa" na ukiondoka napanda yangu.

#16 Funza wa Kitumba

@Nusu Ekari angalau wewe mkweli.

#17 Mama Mizinga

Naomba na mimi niseme kuhusu wasio na akaunti humu.

Nafuga nyuki. Jirani yangu hana ubaya, tunaazimana toroli. Mwaka juzi maua ya shamba lake yalikuwa yamefunguka, akaona vidukari, akapiga dawa saa sita mchana. Saa sita ndipo nyuki wangu wako kazini. Jioni nilikuta mbele ya mlango wa mzinga zulia. Nilifikiri ni makapi. Nilipoinama ni nyuki, wengine bado wanazunguka chali kama wamelewa, ulimi nje. Nilipoteza mizinga minne kati ya saba.

Dawa yake ilikuwa halali, kipimo sahihi, lebo kaisoma. Lebo ilisema usipulize wakati wa maua. Akaniambia "ningengoja maua yaishe vidukari wangeshamaliza shamba". Na hakusema uongo.

Ulaya mwaka 2018 walizuia dawa tatu za jamii ya neonikotinoidi zisitumike nje kwenye mashamba ya wazi, kwa ajili ya nyuki. Nilifurahi. Kisha nikasoma kwamba baadhi ya wakulima walirudia dawa za zamani za kupuliza, na nchi kadhaa zikawa zinatoa vibali vya dharura. Sijui nifurahi au nisifurahi.

#18 Kipimo Kimoja

@Mama Mizinga pole. Zulia la nyuki nimeliona kwa macho hapa nilipo.

Niongeze tatizo la lugha. Sisi tuna neno moja, hatari, tunalibebesha vitu viwili. Kisu kikali kikiwa alani kina ukali ule ule, ila hakikati mtu. Ukali ni tabia ya kisu. Kukatwa kunategemea nani ameshika, mara ngapi, na mtoto yuko wapi.

Angalia glifosati. Mwaka 2015 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani, kile cha Lyon, kiliiweka kundi 2A, yaani "inaelekea kusababisha saratani kwa binadamu". Mwaka ule ule mamlaka ya chakula ya Ulaya ikasema haielekei kuleta saratani. Mitandaoni watu wakasema mmoja kahongwa. Kumbe kwa sehemu kubwa wameulizwa maswali mawili: wa kwanza anauliza kisu kina makali?, wa pili anauliza kwa kiasi watu wanachokutana nacho, watakatwa? Nyama nyekundu na kazi ya zamu ya usiku viko kundi hilo hilo la 2A. Ulaya mwaka 2023 waliongezea glifosati kibali cha miaka 10.

#19 Ngumi ya Hoja

Na aliyeshika kisu anaruhusiwa kuandika mwenyewe ripoti ya makali yake. Majaribio mengi ya usalama yanalipiwa na mwenye dawa. Hilo mbona hulisemi?

#20 Kipimo Kimoja

Hapo sina pingamizi. Ni kweli, na ni udhaifu. Ila mbadala wake ni mlipa kodi alipie kila jaribio, na sijaona nchi iliyopanga foleni.

#21 Kalamu ya Mkaa

Mnapenda kujadili kama vile "kupiga marufuku" ni kitu kimoja. Sri Lanka imetupa masomo mawili yanayogombana.

La kwanza: kuanzia 1995 waliondoa sokoni dawa zilizo kali zaidi kwa binadamu, kundi kwa kundi. Nchi ile ilikuwa na vifo vingi sana vya watu kujidhuru kwa dawa za shamba. Kufikia 2005 kiwango cha watu kujiua kilikuwa kimeshuka kwa takriban nusu, na watafiti walipotafuta pigo kwenye mavuno hawakuliona, kwa sababu zilibaki dawa nyingine za kufanya kazi ile ile. Maelfu ya watu wako hai, na mpunga hata haukujua.

La pili: Aprili 2021 serikali ikazuia kwa mkupuo mmoja uingizaji wa mbolea na dawa zote za viwandani. Nchi nzima iwe ya kilimo hai, leo. Novemba mwaka ule ule wakarudi nyuma. Mpunga ulianguka vibaya, chai ikaumia, na nchi iliyokuwa inajitosheleza kwa mchele ikaanza kuagiza nje.

Serikali ni ya kisiwa kile kile, neno ni lile lile, "marufuku".

#22 Mzee wa Maabara

Mfano mzuri sana. Sahihisho dogo: 2021 haikuwa mapenzi ya kilimo hai peke yake. Walikuwa wameishiwa fedha za kigeni na mbolea inaagizwa kwa dola. Kwa hiyo wanaosema "kilimo hai kimejaribiwa kikashindwa" wanakionea kidogo. Kilichojaribiwa ni kumnyang'anya mgonjwa magongo barabarani ukamwambia akimbie.

#23 Bwana Samadi

Asante @Mzee wa Maabara. Leo umesema neno.

#24 Kalamu ya Mkaa

Nakubali la dola. Lakini hata wangekuwa na miaka kumi, naitrojeni, kile chakula kikuu cha mmea kilichomo kwenye mbolea, ingetoka wapi? Fritz Haber alionyesha 1909 kwamba inaweza kutolewa hewani, Carl Bosch akaipeleka kiwandani Oppau 1913, na leo makadirio ni kwamba karibu nusu ya watu duniani wanakula chakula kilichosimama juu ya mbolea hiyo. @Bwana Samadi samadi yako ni nzuri, ila ng'ombe hatengenezi naitrojeni. Anaikusanya kutoka malishoni na kuidondosha kwako.

#25 Bwana Samadi

Kunde zinatengeneza. Maharage yanatengeneza. Au nazo ni za babu zetu?

#26 Kalamu ya Mkaa

Bakteria wa mizizini wanatengeneza, ndiyo. Hapo umenipata nusu. Nusu nyingine ni ardhi: msimu unaopanda kunde ili kulisha udongo ndio msimu ambao hukupanda nafaka pale. Mwenye ardhi kubwa anaweza.

Na sisemi mbolea ya viwandani haina deni. Inayozidi inatiririka mtoni. Kila kiangazi Ghuba ya Meksiko inapata eneo kubwa lenye hewa haba mno chini ya maji, samaki wanakimbia au wanakufa, na sehemu kubwa ya chanzo ni naitrojeni inayoshuka na mto Mississippi kutoka mashamba ambayo mvuvi hajawahi kuyaona. Mkulima anavuna, mvuvi analipa.

#27 Mama Mizinga

Kama mimi na jirani yangu, ila wao hawaazimani toroli.

#28 Nyanya ya Tatu

Naomba kuungama jambo, msinipige mawe. Mimi nina matuta mawili ya nyanya nyuma ya nyumba sipulizi kitu, tunakula sisi. Za sokoni napuliza. Lebo inasema ngoja siku saba kabla ya kuvuna. Mchuuzi akipiga simu siku ya nne yuko njiani na gari, sijawahi kumwambia rudi.

#29 Siti ya Mbele

Nimesimama kwenye siti.

#30 Nzi wa Kijani

Mkuu hiyo si kuungama, hiyo ni taarifa kwa umma. Umeuza wapi jamani?

#31 Ngumi ya Hoja

Hili hapa jibu la uzi. Mtu anayejua zaidi hali halisi ya dawa ndiye asiyekula alichopuliza. Funga.

#32 Nyanya ya Tatu

Za sokoni sizili kwa sababu za nyuma ya nyumba ni tamu. Lakini ndiyo, na hilo pia lipo.

Na mjue kitu. Za nyuma ya nyumba nusu zinaoza na ukungu. Tunazikata tunatupa upande mbovu, tunapika. Mnunuzi wa sokoni akiona doa dogo kama punje ya ufuta anaiweka pembeni. Dawa ya mwisho kabla ya kuvuna mara nyingi haihusu mavuno. Inahusu doa.

#33 Kaptula

Samahani wakuu, mimi nanunua tu. Nikiosha na chumvi na siki inatoka?

#34 Kipimo Kimoja

Ile iliyo juu ya ganda, maji yanayotiririka na kusugua vinapunguza sehemu nzuri, siki haiongezi kitu cha maana. Zile zinazopita ndani ya mmea hazioshwi. Kumenya kunasaidia zaidi. Na uendelee kula matunda na mboga mkuu, kuacha ni hasara kubwa kuliko mabaki.

#35 Kaptula

Asante. Nitaosha. Ila za #28 sitaki hata zilizomenywa.

#36 Mbeba Jembe

Nimesoma zote. Hadi sasa nina majibu matano: macho yameongezeka (#3), marufuku inafuata faida (#10), mdudu anabadilika (#14), anayefaidi si anayelipa (#8, #17, #26), na sisi wanunuzi na doa letu (#32). Nilikuja nikitafuta moja.

Ninayoielekea mimi ni ya #8. Kila dawa niliyoisoma ilipita mtihani wa yule aliyekuwa na sauti wakati huo. Iliondolewa pale kundi jingine lilipopata sauti. Ndege walipata watetezi kabla ya vibarua, na hilo linanikera.

#37 Funza wa Kitumba

Mdudu hakuwahi kupata sauti na ndiye aliyeondoa nyingi kuliko wote. Bado nasimama na #14.

#38 Mzee wa Maabara

Na bila mashine yangu msingejua ndege wanakufa kwa nini. Tulale.

#39 Mbeba Jembe

Hahaha sawa mzee. @Nusu Ekari, lile bomba ulibadilisha?

#40 Nusu Ekari

Bado lipo. Nimelifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, na mgongoni natanguliza mfuko wa nailoni ndani ya shati. Unafika mstari wa kumi na nne sasa kabla haujalowa.